Ndoo Iliyojaa Nusu

Mjukuu wangu Anastazia,

Marahaba, mama. Babu yako hajambo, yuko shambani anavuna ulezi.

Unauliza kama majivu niliyokutumia huko chuoni yalikuwa ya makapi ya ulezi peke yake. Hayakuwa. Yalifika nusu ya ndoo, nikajazia majivu ya magunzi.

Nilipokuwa msichana, nilitumwa kwa shangazi, kule Laela, na kikapu cha ulezi kisichojaa. Mama alinikimbilia njiani akanirudisha. "Unampelekea nusu, kwani tumegombana naye?" Tangu siku hiyo sijampa mtu chombo nusu.

Sikujua kuwa profesa wenu anatoa katika majivu hayo chembe zisizoonekana kwa macho, za kusafishia maji, na kwamba wema wangu ungewaharibia kazi. Wenzako walisema umekosea vipimo, lakini yeye akakwambia, "Kwanza muulize bibi." Mfikishie shukrani zangu. Angeweza kukulaumu tu yakaisha.

Ndoo nyingine inakuja na basi la kesho. Ni ya ulezi mtupu, nimechoma mwenyewe. Imejaa nusu. Mama yangu angekuwepo, basi hilo angelirudisha stendi.

Bibi yako,
Sumbawanga