Ulitikisa Kichwa, Nikadhani Umenisikia

Kigoma

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Kaole ukiwa mzima, na goti limetulia. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio bado, tangu Mama atutoke.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikipiga simu unaniitikia marahaba, kisha unampa mwanao aongee nami. Sikujua kosa langu. Juzi shangazi ndiye aliyenieleza: kwamba Mama alilala ndani bila kuzikwa hadi asubuhi ya pili, kwamba wewe ndiye uliyewazuia watu ukisema Shomari yuko njiani, na mjomba akakusema mbele ya waombolezaji kuwa umemchelewesha marehemu kwa ajili ya mtu asiyekuja.

Dada, mimi nilisema msiningoje.

Uliponipigia ile simu ya picha nilikuwa kilimani, mvua inanyesha. Nikasema, "Nakuja, dada." Halafu nikaufikiria umbali, nikasema, "Lakini sitawahi. Msiningoje, mzikeni alasiri." Nikakuona unatikisa kichwa kukubali. Picha ikaganda, na mtandao wa huku haukurudi hadi kesho yake. Nikajua tumeelewana. Nikakaa garini nikalia, nikapanga kuja kwenye arobaini.

Unajua kazi yangu ni kuwaendesha mainjinia wanaopima mtandao. Wiki hii injinia wetu, dada mmoja mpole, aliniambia ninyanyue mkono mbele ya simu, huku nikijitazama kwenye simu ya pili iliyokuwa ikipokea picha yake. Nilinyanyua, nikashusha, ndipo nikauona unapanda. Fundi mwenzake akanitania kwamba hata picha ya Shomari ina usingizi. Injinia akasema, "Huyo unayemwona ni wewe wa muda uliopita."

Akanieleza kuwa maneno hukatwa vipande, na vipande hupanga foleni mnarani. Simu ikivimimina kwa pupa, foleni inarefuka na kila kitu kinafika kimechelewa. Vingine vikipotea hewani kwa mvua, mtambo unadhani njia imejaa, unapunguza mwendo, kumbe njia ni nyeupe. Wao wanajaribu kuufundisha upime muda wa vipande kwenda na kurudi, upunguze kabla foleni haijawa ndefu, na usiogope mvua.

Tukiwa njiani kurudi, nikamkumbuka Mama. Picha ikiganda alikuwa akiifuta simu kwa upindo wa kanga, akidhani ni vumbi. Kisha nikakiona tena kile kichwa chako kikitikisika. Ulikuwa unaitikia neno langu la kwanza. La pili halikukufikia. Ilibidi niegeshe gari.

Nakuomba, barua hii usiikalie. Mpe mjomba aisome kwa sauti barazani, mbele ya wale wale waliosikia akikusema. Wajue kuwa hukumchelewesha Mama kwa ukaidi. Ulimngoja mdogo wako kwa kuwa ulimsikia akisema anakuja. Mjomba akikataa, siku ya arobaini nitasimama niyaseme mwenyewe, na sitakaa chini kabla sijamuuliza kila mmoja amesikia nini.

Msalimie mjomba, nampa shikamoo yake bila kinyongo. Msalimie shangazi aliyenifumbua macho, shemeji akirudi kutoka shambani Mapinga, na mwanao anayeongea nami simuni. Safari hii mwambie akupe wewe.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Shomari