Povu Nililolinyamazia

Mjukuu wangu Nyangi,

Marahaba, shikamoo yako imefika Itiryo. Babu yako anakohoa kidogo, lakini jana alichunga ng'ombe mwenyewe.

Unauliza kwa nini upimwe mkojo kila mwezi na huumwi popote.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, dada yangu Bhoke alikuwa na umri wako. Viungo vilimuuma, vipele vikamtoka mashavuni, kisha akanenepa. Baba akafurahi: "Huyu ataleta ng'ombe wengi!" Mimi nilikuwa nimeona mkojo wake ukitoa povu kama maziwa yanapokamuliwa. Nikanyamaza, nisiharibu furaha ya nyumbani.

Siku moja mganga wa zahanati alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. "Mzee, huu si unene. Ni maji. Figo zimeumia."

Bhoke alipelekwa hospitali, hakurudi nyumbani akiwa hai.

Daktari wako aliposema mwili wako unajishambulia wenyewe, hata figo, nilimkumbuka. Lakini wewe dawa unazo, na mkojo utasema mapema kabla hujavimba. Kwa hiyo utapima mwezi huu, na ujao. Ukichoka, nitapanda basi nije nikushike mkono twende wote.

Safari hii sinyamazi.

Bibi yako