Kwa Zuhura, Kuhusu Vijana Wenye Tabianchi Mbaya

Zuhura,

Nimefika. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukilidai kabla hata ya salamu. Aliyesafiri kati ya Tarime na Mugumu kwa kazi ya mkakati wetu, akifika kwake, lazima amwandikie mwenzake: nimefika. Wewe ndiye uliyeiweka sheria hiyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukinigombeza nikisahau. Jana nimerudi kutoka kwenye kikao cha pamoja huko kwenu, nimevua viatu, nimeshika simu, na nilikuwa nimeshaandika nusu ya neno ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwandikia.

Nimekaa kitandani na simu mkononi, sijui kwa muda gani. Leo nimeamua nikuandikie barua. Kuna mambo ya kikao siwezi kumweleza mtu mwingine yeyote akayaelewa, na jingine ni kwamba sikukuaga. Taarifa ya msiba ilinikuta Ringwani kwenye mkutano wa kata. Nikasema moyoni, nitapita nyumbani Morotonga, nitafute nguo, nichukue na unga kidogo wa kupeleka msibani, kesho nitaondoka na gari la asubuhi. Kwetu mtu hazikwi mpaka ndugu wa mbali wafike, ng'ombe achinjwe, watu wazozane kidogo juu ya mahali pa kaburi. Nilikuzoea mno, Zuhura, hata nikasahau kwamba wewe ni Mwislamu. Nilipoingia uani kwenu na unga wangu, mama yako alinishika mikono akasema, "Tumeshamzika jana alasiri, mwanangu." Nilitamani kukasirika na sikumpata wa kumkasirikia.

Alinipeleka makaburini kaka yako. Nilisimama pale sijui niseme sala gani, ya kwetu au ya kwenu. Nikasema tu, nimefika.

Unakumbuka tulivyoanza? Walitutuma sisi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Mkakati wa pamoja wa tabianchi, halmashauri mbili, Tarime yenu na Serengeti yetu, mto mmoja katikati. Watu wengi waliona ni semina tu, ya soda na posho. Siku ya kwanza ulinitazama kutoka juu mpaka chini ukasema, "Kumbe wametuletea mtu wa nyumbu." Nikakujibu kwamba afadhali nyumbu kuliko Mswahili wa kuletwa na cherehani, maana nilishaambiwa babu yako alikuja Tarime na cherehani yake kutoka pwani. Ulicheka, ukafungua mfuko, ukanipa kashata ya karanga. Kumbe Mswahili mwenyewe anazungumza Kikurya kunishinda. Tangu siku ile ukawa unaniita nyumbu mbele ya wakubwa, na mimi nikawa naitika. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Ofisini mimi ni Madamu Rhobi tu, asubuhi mpaka jioni.

Lakini nataka kukukumbusha Nyambureti, kwa sababu jana Nyambureti ilitufuata mpaka kikaoni.

Mwenyekiti wa kijiji alipitisha tangazo kwa kipaza sauti, mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Sijui "nchi" iliangukia kwenye kona gani. Wananchi walichosikia ni mkutano wa mabadiliko ya tabia, wakaja wengi kuliko mikutano yangu yote ya hali ya hewa ukiijumlisha, akina mama mbele, na kila mmoja na kesi yake. Tulipokaribisha maoni, Mama Ghati alisimama, akafunga kanga vizuri, akatuambia, "Hamjambo wanangu. Mimi huyu mura wangu alikuwa mtoto mzuri. Tangu rashi hii ya dhahabu ianze, watu wote wakakimbilia kuchimba, jembe hajui liko wapi. Anakata miti ya matimba anapeleka kwenye maduara, hayo mashimo yao. Mti uliokuwa kivuli cha ng'ombe wa baba yake, ameukata. Tabia imebadilika. Sasa nyinyi wa serikali mmekuja kumfanyia nini?"

Nilisimama kumsahihisha. Nilikuwa nimeshasema, "Mama, sisi tumekuja kuhusu hali ya hewa," ukanivuta gauni kwa nyuma. "Kaa chini, nyumbu wewe. Waache waseme."

Ukawauliza kwa Kikurya, pole pole, kila aliyesimama: mwanao alibadilika tabia lini? Wakajibu. Na kijito cha hapa chini, kilianza kukauka lini? Wakajibu hilo nalo. Nikaona watu wanaanza kugeuka kutazamana. Miti ya matimba, ile inayoshikilia kuta za maduara yasiporomoke, ilikuwa inatoka kwenye vilima vyao na kando ya vijito vyao. Nyuki walikuwa wamehama. Vijana waliokuwa wakilima makinga maji shambani hawakuwepo, walikuwa chini ya ardhi. Hakuna aliyewafundisha hayo. Walikuwa wanayajua kila mmoja peke yake, ukayaweka pamoja.

Usiku huo sikuwa na la kuandika kwenye ripoti, nikakuachia wewe. Ukaandika sura nzima, ukaiita "Tabia". Sentensi yako ninaijua kwa moyo: "Wananchi wanasema tabia ya watu imebadilika na mvua nayo imebadilika, na hawaoni kama hayo ni mambo mawili." Ukakataa kuwaita vijana wale wahalifu. Ulisema kaka yako alichimba, na fedha hiyo ndiyo iliyokutoa darasa la saba ukafika chuo, kwa hiyo huwezi kuitukana dhahabu ukiwa umeshiba kwa dhahabu. Ulichotaka ni kimoja: mto. Pasichimbwe duara jipya wala kukatwa mti wa matimba karibu na Mto Mara na vijito vyake, upande wenu na upande wetu, siku hiyo hiyo, kwa pamoja. Ulisema ukingo mmoja peke yake haulindiki, na mimi sikuwahi kuongeza neno.

Ulipoondoka, hicho ndicho kilichoanza kubomoka.

Unajua tulivyokuwa tukifanya. Madiwani wetu wakianza kunung'unika, nakupigia, nawaambia nimeongea na Tarime, wenzetu wameshikilia. Wa kwenu wakinung'unika, unawaambia Serengeti wameshikilia. Hatukuwa tunadanganya. Kila upande ulikuwa umeshikilia kwa sababu uliambiwa mwingine ameshikilia. Basi msiba ukapita, kiti chako kikakaa wazi, na simu hiyo ikakosa wa kupiga na wa kupokea. Maneno yakaanza. Huku wanasema ng'ambo wameshaanza kuchimba mpaka majini, sasa sisi tunamlindia nani mto? Nikasikia na ng'ambo wanasema hivyo hivyo kuhusu sisi. Rashi yenyewe ilikuwa imesogea mpaka mtoni. Usiku kutoka darajani unaona tochi za wachimbaji kwenye ukingo, pande zote mbili. Nilienda kwenye kikao cha jana nikijua kwamba kipengele cha mto kikifa, mkakati wote unabaki karatasi nzuri yenye picha ya twiga.

Aliyekaa kwenye kiti chako anaitwa Bwana Marwa. Nilijiandaa kumchukia, hakunipa nafasi. Ni mtu mzima, mpole, anaamkia kila mtu. Lakini anakaa amenyooka, na kwenye meza mahali pa mfuko wako wa kashata ameweka chupa ya maji. Nilikaa nikiitazama chupa ile kama imenikosea kitu.

Mambo yalianza vibaya. Diwani mmoja wa kwetu alisema wazi kwamba wakazi wake hawawezi kufa njaa wakati majirani wanatajirika. Wa kwenu akamjibu kwa ukali, na mwenyekiti akagonga meza. Akaamuru rasimu isomwe kuanzia sura ya tatu, ili wapigie kura kipengele kimoja kimoja. Sura ya tatu ni yako.

Sasa sikia, Zuhura. Rasimu ilikuwa imepelekwa kwa mtaalamu mmoja wa kunyoosha lugha. Naye alipoona kichwa cha sura ni "Tabia", akadhani tumekosea kuandika, tumesahau "nchi". Kwa kuwa ni mtu mwenye bidii, akaiambia kompyuta isahihishe kosa hilo kila mahali. Katibu akasimama na sauti yake ile ya kusoma injili, akasoma: "Akina mama wa Nyambureti walilalamikia vijana wenye tabianchi mbaya."

Watu wakainua vichwa. Katibu, bila kuinua macho, akaendelea: "Mama mmoja alieleza kuwa tabianchi ya mwanawe imebadilika, na kwamba zamani alikuwa kijana wa tabianchi njema."

Mzee mmoja diwani wa kwenu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu mwenye tabianchi njema ni mtoto wa nani? Nina binti wa kuoza." Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata yule aliyekuwa akizungumza kwa ukali. Na mimi nilicheka, Zuhura, nilicheka sana, nikageuka kwenye kiti chako ili tucheke wote. Bwana Marwa alikuwa ameinamia karatasi kwa aibu, wakati kosa hata halikuwa lake. Kicheko kikaniishia hapo hapo. Katika chumba kile kizima hakuna aliyekuwepo Nyambureti ila mimi. Niliwahi kuwa mpweke kwenye msiba, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke hivyo katikati ya watu wanaocheka.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayeweza kueleza maana ya sura hii. Nikasimama. Nikawaeleza tangazo, kanga ya Mama Ghati, gauni langu lilivyovutwa. Nilitaja jina lako, wengine hawakulijua, nikalitaja tena. Nikawasomea sentensi yako kama ulivyoiandika, kabla haijasahihishwa.

Hawakupiga makofi. Yule mzee alivaa miwani, akasema, "Wangu naye yuko duarani. Tangu Krismasi sijamwona." Alikuwa anamwambia diwani wa kwetu, yule yule aliyeanzisha ugomvi. Na wa kwetu akajibu kwa sauti ya chini, "Wangu wawili." Wakaanza kusema mmoja mmoja, mzazi wa Tarime na mzazi wa Serengeti, huyu wake kaacha shule, huyu wake karudi anakohoa, huyu mto umemwachia mchanga tu mahali alipokuwa akinyweshea ng'ombe. Walikuja kushtakiana, wakajikuta na kesi moja.

Kipengele kimepita. Si chote, wamejiachia mwanya kidogo kwa maduara ambayo tayari yana watu ndani, na najua mwanya huo utanisumbua. Lakini mto umebaki, pande zote mbili. Na wameongeza jambo ambalo sisi hatukulifikiria: wa kwenu watakagua ukingo wetu, na wa kwetu watakagua wenu, ili asiwepo wa kusema ameambiwa. Kwa hiyo mimi na Bwana Marwa tutatembea sana. Wameagiza pia sura yako irudishwe kama ilivyokuwa, na isiguswe tena na mtu mwenye bidii.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikufurahi njiani. Gari lilipita darajani, maji yalikuwa ya udongo, abiria wa pembeni yangu alikuwa amelala. Nilikuwa na habari njema mkononi na nilikuwa naipeleka kwenye nyumba yenye mtu mmoja, naye ni mimi. Nadhani ndiyo sababu.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Mura wa Mama Ghati amerudi nyumbani, mikono mitupu, amepanda mihogo. Mama yake anasema bado hasemi sana, lakini jembe sasa anajua liko wapi. Mama yako nilimwona jana kabla ya kikao. Amenifungia kashata kwenye gazeti, bado sijaifungua.

Wiki ijayo nakwenda Nyambureti kupeleka majibu. Asubuhi hii mwenyekiti wa kijiji amenipigia kuuliza safari hii atangaze vipi, maana ameshasikia kwamba mara ile alikosea. Nikamwambia atangaze vile vile, mkutano wa mabadiliko ya tabia. Nafikiri anadhani namtania.

Sasa nikuage, maana sikukuaga. Nakuahidi ukingo wetu hautaachiwa kwa sababu ya kusikia maneno ya ng'ambo. Nitavuka mwenyewe nikaangalie. Mama yako nitakuwa namtembelea kila nikija kwenu, na sitapeleka unga tena, amesema wanao. Safari hii msafiri ulikuwa wewe, na sheria uliiweka mwenyewe, na mimi bado sijapata neno lako. Silidai. Pumzika, Mswahili wangu. Nikirudi kutoka Nyambureti nitasimama mlangoni, nitavua viatu, na hata kama ndani hakuna mtu nitasema kwa sauti: nimefika.

Nyumbu wako,
Rhobi
Morotonga