Mtu wa Kwenye Lifti Yu Hai, Nilisema

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, Kariakoo yote inanuka maboksi yaliyolowa.

Hakuna tamthilia iliyowahi kunishinda. Andika hapo. Muuaji namjua kabla hajaua, mimba naijua ya nani kabla mwenyewe hajatapika, na barazani kwetu, nyuma ya mtaa wa Sikukuu, watu wamenilipia kahawa za utabiri mpaka figo zimelalamika.

Uongo mtupu.

Ukweli ni kwamba naangalia mbele. Kuna banda moja Msimbazi, jamaa anakujazia filamu kwenye flashi, na huyohuyo ndiye mtafsiri. Anakaa na maiki, picha inacheza, anaongea juu yake kwa Kiswahili: wanaume, wanawake, watoto, sauti zote zake. Tunamwita DJ. Wenzangu wakisubiri televisheni, mimi nimeshajua nani kafa. Unabii wangu wote ndio huo, darasa la nne na flashi.

Ulikuwa mchezo tu. Mpaka ikaja hii tamthilia ya lifti.

Kwa asiyeiona: kijana anaagana na mama yake chini ya ghorofa, anamwambia nakuja sasa hivi, anaingia kwenye lifti. Juu mlango unafunguka. Hamna mtu. Basi kila jioni inaishia hivyo, mama wa watu kasimama anatazama ule mlango, hata muziki hawaweki. Mimi ni mtu wa kucheka misibani, lakini pale nilijikuta nimevuta shuka mpaka kidevuni.

Naiangalia pamoja na Bi Mwajuma. Vyumba vyetu vimepakana, nyumba yenyewe ya zamani, ukuta haufiki darini. Akikohoa namwambia pole bila kuinuka kitandani. TV ninayo mimi, kwa hiyo huja na kigoda chake, na binti yake Rukia nyuma. Mwanawe wa kiume, Athumani, alitoka asubuhi moja kwenda kazini, akasema atarudi kula mchana. Mwaka wa sita huu. Polisi, hospitali, mochwari, waganga, kote wamepita. Kila alfajiri namsikia Bi Mwajuma anafungua komeo la mlango wa uani, anasimama kidogo, analirudisha.

Mwaka huu Rukia alimlainisha. Wakakubaliana Athumani asomewe hitima Jumapili hii, aombewe kama wanavyoombewa waliotangulia. Mchele ukanunuliwa, shehe akaambiwa.

Wiki iliyopita, picha ikiendelea, Bi Mwajuma akaniuliza, macho yake kwenye kioo cha TV.

"Mzee Shomari, wewe ndiye mjuzi. Huyu wa kwenye lifti yu hai?"

Nami na domo langu hili: "Yu hai kuliko mimi. Atarudi, tena kanenepa."

Sikutunga. Nilishaangalia mbele. Kuna mahali mama anapigiwa simu, na DJ anatafsiri kabisa: "Mama, ni mimi, nipo, usilie." Nimesikia kwa masikio haya.

Kesho yake Bi Mwajuma akaenda kwa shehe kusema hitima isubiri.

Rukia akanijia mlangoni. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu."

"Leo sitaki utani. Umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia habari za lifti, basi."

"Mama hakukuuliza habari za lifti, babu." Akaondoka.

Tangu hapo sina amani.

Juzi mtaa wa Kongo niliona shingo ya Athumani kwenye watu. Shingo ileile, ya kuinamia upande kama anasikiliza kitu. Nikaifuata, nikakanyaga mitumba ya watu, nikatukanwa, sikusimama. Akageuka. Mtu mwingine kabisa, muuza soksi. Kwa kile kiwewe nikamwamkia shikamoo. Mimi, mzee mzima! Akaitikia "Marahaba, babu," wenzake wakavunjika mbavu.

Sikucheka.

Na lile ghorofa jipya mbele yetu, umeme ukikatika na kurudi, lifti yake inafunguka yenyewe, taa inawaka ndani, inajifunga. Zamani hata sikuiona. Siku hizi navuka barabara.

Leo mchana nimeshindwa, nimekwenda kwa DJ na mvua yangu mwilini. Nikamuuliza, ile simu anayeongea ni nani?

"Simu gani tena, mzee?"

"Ya mama. Anayesema ni mimi, nipo."

Akakuna kichwa. Akaniambia sehemu ile ilimfikia haina maandishi chini, na lugha ya wale watu hajui hata salamu yake. "Nimeona mama analia, nikasema hapa watu wangu watataka afarijike. Nikampa mwanawe. Ila yule anaweza kuwa hata mtu wa bili ya maji."

Bili ya maji! Siku nyingine ningecheka mpaka meno yadondoke, na yamebaki ya kuhesabika.

"Sasa yu hai au kafa?"

"Mzee, ya mwisho haijafika. Hata mimi nasubiri."

Nimerudi, nimemkuta Bi Mwajuma uani anakuna nazi. Nimemwambia yote: flashi, banda, kahawa za bure, mtu wa maji. Hakuacha kukuna mpaka nikasikia chuma kinakwaruza kifuu kitupu.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Bi Mwajuma."

"Na huyo DJ wako hajui."

"Hajui."

Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi kwa shehe utakwenda wewe, miguu yangu imechoka. Mwambie Jumapili iko palepale. Na uje umenyoa, usiniletee hizo ndevu za beberu mbele ya watu."

Nikageuka kuondoka. Akaniita.

"Ila hiyo ya mwisho ikifika, nitaiangalia. Nataka kusikia mama yake atasemaje."

Kwa shehe nimeshakwenda. Sasa naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, upande wa pili wa ukuta kimya, na hiki kimya sikipendi.

DJ, najua unapita humu kwenye ukurasa wangu, ulishanicheka kwenye maoni. Siku ile mafua yalipokukausha koo, nani alikushikia maiki akaigiza sauti ya yule babu katili wa kwenye filamu mpaka mwisho, na ya farasi wake pia? Sikukuomba hata soda. Leo nakudai. Ya mwisho ikifika, mama akifungua mdomo, ukielewa anachosema, kiseme hivyohivyo kilivyo. Usipoelewa, zima maiki, umwache alie kwa lugha yake.