Mayai ya Kobe Wako

Namuwongo, Septemba 1977

Baba Acayo,

Barua hii anakuletea Bibiane, muuza vitenge, kwa hiyo naandika bila woga. Sisi wazima. Kobe wako siku hizi anadeka, hataki kabichi, anataka maganda ya papai tu.

Wiki moja baada ya wewe kukimbia, askari walikuja kukutafuta. Waliona udongo umechimbuliwa nyuma ya nyumba, wakadhani umefukia bunduki. Walipochimba wakakuta yale mayai sita. Nilipoinama kuyaokota, mmoja wao akaninong'oneza, “Mama, usiyageuze kama ya kuku. Upande wa juu ubaki juu.” Akayatia alama ya mkaa upande wa juu, moja moja, nikayafukia tena.

Leo wametoka watoto wanne. Yule askari amepita, bila bunduki, akawatazama sana. Akasema, “Mwambie mwenyewe asirudi bado.”

Nikamjibu sijui uliko.

“Najua hujui. Mwambie tu.”

Uliniapia utarudi kabla mayai hayajaanguliwa, na nilikuwa nimekasirika. Sasa basi. Kobe huishi miaka mingi kuliko serikali. Kaa huko, uje uwakute wamekua.

Mkeo, mmenya mapapai,
Amito