Maji Kwenye Dizeli

Jumatano usiku

Lori bado haiwaki. Nimefungua nozeli zote za injini hapa nyuma ya jikoni, nikasafisha, nikarudisha, nikatoa hewa kwa paipu za dizeli mpaka vidole vikachubuka. Bure kabisa. Kesho majirani wataningoja na majani chai yao, na majani yakilala yanaharibika. Wakipata lori ingine, hawatarudi kwangu.

Jioni nikamwaga dizeli ya filta kwa glasi. Nusu ilikuwa maji! Pampu nayo imekwama. Sasa maji yametoka wapi, Mungu wangu?

Nikiwa bado nimeshika hiyo glasi, Mama akaniletea ule mtungi wake wa zamani wa maziwa ambao huwa nabebea dizeli. Ulikuwa unang'aa, bado unadondoka maji.

"Nimekuoshea tena, kijana yangu. Ulikuwa unanuka."

Nikamwambia asante.