Halua Chini, Leso Juu

Ijumaa, baada ya alasiri. Jua limepunguza makali na upepo unaingia dirishani vizuri. Leo nina furaha, ila kwanza niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Pancha ya Jumamosi iliyopita haikuwa pancha.

Tulikuwa tunakwenda Msambweni kwa baiskeli, mimi na Shangazi Mwanaidi, tukalale siku mbili kwa dada yake mkubwa. Ndiyo safari yangu ya kwanza tangu nimalize shule, na Shangazi aliomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. Mimi nikafunga mizigo kama abiria wa basi la bara pale Mwembe Tayari: begi moja kubwa, kila kitu ndani, hadi pasi ya nguo, nikalisimamisha nyuma ya kiti. Kufika mteremko wa Feri, kwenye kivuko cha Likoni, gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukawa unacheza, watu wakanipisha huku wakicheka. Niliogopa. Badala ya kusema naogopa, Shangazi alipokwenda kununua maji niliinama, nikabonyeza valvu mpaka tairi la nyuma likalala.

"Pampu iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya pasi. Kutoa nguo zangu zote mbele ya watu wale nisingeweza. Tukarudi nyumbani tukisukuma. Njiani nikamsikia akimpigia simu dada yake, ambaye alikuwa ameshatupikia. "Ni pancha tu, dada. Tutakuja wiki ijayo."

Wiki ijayo ni kesho.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikitafuta uongo wa pili. Homa, labda, au tumbo. Lakini leo asubuhi niliona nijaribu mara moja, peke yangu, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikapakia begi lilelile, nikashika njia ya sokoni Marikiti. Mbele ya wauza vitunguu baiskeli ikalala ubavu, nami nikalala nayo.

"Binti, wahama kwenu?" akauliza hamali mmoja aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake.

"Usimcheke, Katana," akasema mama wa vitunguu. "Juzi ulivimwaga viazi vyangu barabara nzima."

"Ndiyo maana najua kosa lake!"

Akaniinulia baiskeli. Akanieleza kwamba akirundika mzigo wote nyuma ya mkokoteni, mikono ya mkokoteni hupaa, naye akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba. "Nawe ni hivyohivyo. Kizito zaidi hapa ni kipi?"

Mimi wageni huwajibu kwa kutikisa kichwa. Hili halikuwa swali la kichwa.

"Pasi," nikasema.

Mama wa vitunguu alicheka mpaka akashika nguzo. "Pasi! Waenda kuwapigia tumbili nguo pasi?"

Hata mimi nilicheka. Pasi nikamwachia, nikaichukua wakati wa kurudi.

Alinipa mifuko miwili mitupu ya mchele, Katana akaigawanya mizigo. Upande huu wa gurudumu, upande ule, akiinua mmoja mmoja kupima kwa mkono. Kopo la halua ambalo mama yangu amesema lazima lifike, kwa sababu hatuendi kwa watu mikono mitupu, likaenda chini kabisa, karibu na ekseli, katikati ya gurudumu. Maji upande wa pili ili kulilinganisha. Nguo juu. Vyote vikafungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, kwa maana kamba hulegea barabara ikiwa mbovu, lakini mpira huzidi kukaza.

Nikaenda mpaka Feri. Kwenye mteremko nilishuka nikasukuma, na hakuna aliyenitazama. Nikavuka Likoni, nikaendesha kidogo, nikarudi. Usukani ulitulia.

Basi kama nawe unapanga safari ya baiskeli, haya ndiyo niliyojifunza. Pampu, viraka na spana vikae mahali utakapovifikia bila kufungua kitu kingine. Leso mbili za kujifunga zinatosha kuwa taulo, shuka na kivuli. Buibui lipindwe na kubanwa juu ya kifundo upande wa mnyororo. Mkate wa mofa na tende havimwagiki. Sambusa za mama uzile kabla hujaondoka, usimwambie hapana. Na mzigo ujaribu siku moja kabla, si asubuhi ya safari.

Shangazi amepita sasa hivi. Ameitikisa baiskeli, mzigo haukusogea.

"Mashallah. Nani amekufunza?"

"Hamali wa Marikiti."

Ameniangalia kama anayeniona mara ya kwanza. Nilitaka kumwambia na lile la pancha palepale, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni.

Kesho nitamwambia, tukishavuka tu. Sitaki nifike Msambweni, yule dada yake aniambie "pole na pancha, mwanangu," nami nimjibu ahsante.

Kwa hivyo wewe unayesoma, ukimwona Feri asubuhi mwanamke aliyevaa helmeti ya kijani juu ya mtandio, ndiye Shangazi; msalimie tu umtakie safari njema. Hilo la pancha nakuomba ulifiche. Niachie nilitoe mwenyewe.